Kinga Inapougeukia Mwili: Wajumbe wa Damu, Koo na Moyo





Katika halaqa zetu hapa Mbale, na kila tunapotembelea madrasa za Jinja wakati wa likizo, kuna swali linalorudi: inakuwaje mtu augue kwa sababu ya kinga yake mwenyewe? Kinga si imeumbwa ili imlinde? Wengine hujibu haraka kwamba ni kijicho, sihri au mayembe. Wengine husema ni maneno ya madaktari waliokosa jina la ugonjwa. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari, lakini swali hili linatuhusu. Mara nyingi mgonjwa wa namna hii huletwa kwa sheikh au kwa ustadhi kabla hajafika hospitali, na anayempokea anapaswa kujua kinachotokea ndani ya mwili ule.

Somo hili lina jambo moja kuu. Katika maradhi ya kinga kuushambulia mwili, askari wa mwili hawajawa waasi. Wametii mwito. Tatizo liko katika mwito wenyewe: ama umetolewa dhidi ya asiyestahili, ama umeendelea baada ya adui kuondoka. Tukilielewa hilo, tutaelewa pia kwa nini sindano ya penisilini kila wiki 4 inaweza kuulinda moyo wa mtoto wa Walukuba au wa Nkoma ambaye kwa macho yetu ni mzima kabisa.

Wajumbe ni akina nani?

Damu yetu ina chembe nyeupe za aina nyingi. Ziko zinazomeza vijidudu, ziko zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazomshika adui, na ziko zinazoongoza nyingine. Zimetawanyika mwili mzima: kooni, mapafuni, kwenye tezi, ndani ya uboho wa mifupa. Ili zifanye kazi pamoja, lazima zipelekeane habari. Habari hiyo hubebwa na protini ndogo ndogo ziitwazo saitokini. Chembe moja huitoa saitokini, na nyingine huipokea kwa kipokezi kilicho juu yake, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Baada ya hapo chembe iliyopokea hubadili mwenendo: huanza kugawanyika, kuhama, kupigana au kutulia.

Saitokini ni nyingi. Kwa somo letu inatosha kuzijua chache. TNF, intaleukini-1 na intaleukini-6 ndizo hupiga mbiu ya kwanza. Intaferoni gama huzitia ukali chembe zinazomeza vijidudu. Intaleukini-10 hufanya kinyume, hutuliza. Intaleukini-4 ina kazi kadhaa, na mojawapo ni kupunguza ukali ule unaoletwa na intaferoni gama.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndivyo ilivyo mwilini. Lakini mji ambao mbiu yake hailali, watu wake hawalimi, hawafanyi biashara wala hawalali. Afya inahitaji mbiu, na inahitaji pia anayeizima.

Homa na hadithi ya mwili mmoja

Sote tunaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo inawafananisha waumini na mwili mmoja. Hadithi hiyo inataja mambo mawili yanayoupata mwili mzima kiungo kimoja kinapougua: kukosa usingizi na homa.

Hebu tuangalie mambo hayo kwa jicho la somo letu. Ukiumwa koo, kilichoshambuliwa ni koo tu. Kwa nini basi miguu ilegee, kichwa kigonge na chakula kisipite? Ni kwa sababu TNF, intaleukini-1 na intaleukini-6 zilizotolewa kooni hupeleka habari hadi sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Ubongo hupandisha kiwango cha joto, na mwili wote huingia katika hali ya vita. Kwa hiyo homa haiwashwi na vijidudu vyenyewe moja kwa moja. Kwa sehemu kubwa ni amri ya mwili, iliyotolewa kwa sababu kiungo kimoja kimelia.

Sisemi kwamba hadithi ilikuja kufundisha baiolojia. Ilikuja kutufundisha kuhurumiana, na hatupaswi kuilazimisha ibebe zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba mfano wake ni sahihi hata kwa anayesoma chembe za damu. Vilevile sura ya Ar-Rahman inatutajia mizani na kutukataza kuivuka. Mwitikio wa mwili ni rehema ukiwa na kiasi na mwisho. Ukikosa mwisho, unaanza kula kile ulichokuja kukilinda.

Kutoka kooni hadi moyoni

Yako maradhi mengi ya aina hii: lupasi, baridi yabisi ya kinga inayopinda vidole, aina ya kwanza ya kisukari. Lakini lililo karibu zaidi na watoto wetu wa Busoga na wa mlima Masaba ni homa ya rumatiki, pamoja na ugonjwa wa moyo unaoifuata. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wanaishi na ugonjwa huo wa moyo, wengi wao katika nchi kama zetu, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili.

Chanzo chake ni mafindofindo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Huenea kwa mate na kikohozi, na hustawi penye msongamano: mabweni yenye vitanda vya ghorofa tatu, au chumba kimoja cha kupanga kinacholala familia nzima. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio hupatwa zaidi.

Bakteria huyu ana protini juu ya ganda lake iitwayo protini M. Sehemu za protini hiyo zinafanana na miosini, protini iliyomo katika misuli ya moyo wa binadamu. Kinga inapopigana kooni inajifunza alama ya adui. Wiki 2 au 3 baadaye koo limeshapona na mtoto amerudi kucheza mpira, lakini kingamwili na chembe zilizofundishwa alama ile bado zinazunguka. Kwa watoto wachache kati ya wengi wanaougua koo, zinapofika moyoni huiona alama inayofanana, na hapo mwito hutolewa upya dhidi ya asiyestahili.

Kwenye vali za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma, hutokea mambo kwa mpangilio huu. Kingamwili hushika utando wa vali. Utando ukiwa umechokozwa, na TNF ikiwapo, hubadilika na kuwa wa kunata, hivyo chembe nyeupe zinazopita katika damu hukwama na kupenya ndani. Zikishaingia hutoa intaferoni gama na TNF zaidi, ambazo huita chembe nyingine. Wageni hualika wageni.

Mwaka 2004 watafiti wa São Paulo, Brazil, walichapisha walichokiona katika vipande vya moyo vya wagonjwa wa aina hii. TNF na intaferoni gama zilikuwa nyingi katika misuli ya moyo na katika vali pia. Lakini chembe zinazotoa intaleukini-4 zilionekana vizuri kwenye misuli, na kwenye vali zilikuwa haba. Hilo linasaidia kueleza jambo ambalo madaktari walikuwa wakiliona siku zote: misuli ya moyo hupona, ilhali vali huendelea kuchakaa na kupata makovu. Kwenye vali wapiga mbiu walikuwa tele, na wa kutuliza walikuwa wachache.

Vali yenye makovu hushindwa kufunga au kufunguka sawasawa. Moyo hufanya kazi maradufu. Miaka hupita, kisha huja kuhema baada ya ngazi chache, miguu kuvimba, au kiharusi kwa kijana. Dada wengi huujua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, kwa sababu ujauzito huongeza damu ambayo moyo unapaswa kuisukuma.

Kwa nini tusizime mbiu yote?

Msomaji atauliza: kama saitokini ndizo zinazoleta madhara, kwa nini zisizuiwe kwa dawa?

Swali hilo liliulizwa London katika miaka ya 1980 na Marc Feldmann na Ravinder Maini, waliokuwa wakichunguza viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi ya kinga. Waligundua kwamba TNF ikizuiwa, saitokini nyingine za uchochezi nazo hupungua, kana kwamba yeye ndiye mpiga mbiu mkuu. Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walipewa dawa ya kuizuia TNF, na wengi walipata nafuu kubwa. Leo dawa za aina hiyo zinatumika duniani kote.

Lakini mwaka 2001 taarifa zilikusanywa kuwa baadhi ya waliotumia dawa hizo walipatwa na kifua kikuu. Sababu inaeleweka. Watu wengi wana bakteria wa kifua kikuu waliolala mapafuni, wamezungushiwa ukuta wa chembe za kinga, na TNF ni miongoni mwa vinavyousimamisha ukuta huo. Ukiiondoa, ukuta hulegea na mfungwa hutoroka. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama Uganda, mgonjwa lazima apimwe kwanza. Tena dawa hizo ni ghali, na si tiba ya homa ya rumatiki.

Upande wa pili wa mizani nao una mafunzo. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba baridi yabisi ya kinga ilikuwa nadra kwa wagonjwa wa huko, na akapendekeza kuwa maambukizi ya vimelea tangu utotoni huenda yanaituliza kinga. Sisi wa Jinja tunaishi na mfano wa hilo ziwani. Mnyoo wa kichocho huishi miaka mingi ndani ya mishipa ya damu, na njia mojawapo ya kuishi kwake ni kuuchochea mwili utoe ishara za kutuliza kama intaleukini-10. Asije mtu akaichukua hii kama fatwa ya kuacha minyoo! Kichocho huharibu ini na huua. Tunachojifunza ni kwamba ishara za kutuliza zipo na zina nguvu, na kwamba kuzidi kwake kuna hasara kama kupungua kwake.

Kuuzuia mwito usitolewe tena

Basi kwa homa ya rumatiki njia iliyo bora ni kuuzuia mwito usianze, au usirudiwe. Hatua ya kwanza ni kutibu koo. Mafindofindo ya streptokoka yakitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9 tangu yaanze, homa ya rumatiki kwa kawaida huzuilika. Si kila koo ni la streptokoka, mengi ni ya virusi, kwa hiyo aamue mhudumu wa afya, si muuza duka.

Hatua ya pili ni kwa aliyekwisha kupatwa. Kila streptokoka akirudi kooni, kinga huikumbuka alama ile ile na vali hupigwa tena. Kwa hiyo mgonjwa hupewa sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka 5, 10 au zaidi, kwa uamuzi wa daktari. Sindano haizimi saitokini wala haifuti kovu lililokwisha kuwapo. Inamzuia tu yule anayesababisha mbiu ipigwe.

Shida ni kwamba wengi wenye dalili za mwanzo hawajijui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima watoto wa shule 4,869 jijini Kampala. Kwa kusikiliza moyo kwa kifaa cha kawaida cha daktari walipatikana watoto 23 wenye ugonjwa. Kwa kipimo cha eko, kinachouonesha moyo kwa mawimbi ya sauti, walipatikana 72.

Je, kumtibu mtoto ambaye ugonjwa wake bado umejificha kunasaidia? Jibu lilitoka hapa Uganda. Kule Gulu, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 wenye ugonjwa wa mwanzo uliogunduliwa kwa eko waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata sindano kila wiki 4 kwa miaka 2, jingine halikupata. Katika waliopata sindano, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu, yaani asilimia 0.8. Katika wasiopata, uliendelea kwa 33, yaani asilimia 8.2. Dawa yenyewe ni ya zamani na si ya bei ghali. Kilichohitajika ni kugundua mapema na kudumu.

Mambo matatu yanayotuhusu sisi

La kwanza ni mtoto anayerukaruka. Homa ya rumatiki inaweza kugusa ubongo. Miezi kadhaa baada ya koo, mtoto, mara nyingi msichana, huanza kutikisa mikono na uso bila hiari, huangusha vikombe, mwandiko huharibika, hucheka na kulia bila sababu. Mara nyingi hutulia akilala. Katika vijiji vyetu mtoto huyu huambiwa ana jini. Ruqya ni Sunna na haikatazwi kusomwa. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kujitibu, aliwaamuru wajitibu, kama ilivyo katika hadithi ya Usama bin Sharik. Ustadhi anayesoma ruqya wiki baada ya wiki bila kumwambia mzazi aende hospitali anaupoteza muda ambao vali ya moyo wa mtoto haina. Asome, na amwelekeze hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni Ramadhani. Baadhi ya vijana huacha sindano mwezi huo kwa kuogopa kufunguza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa sindano ya tiba, iwe ya ngozi, msuli au mshipa, haibatilishi saumu, isipokuwa maji na sindano za lishe. Sindano ya penisilini ni ya msuli na si lishe. Mwenye wasiwasi anaweza kuomba aichome usiku au alasiri karibu na futari, lakini asiiruke. Anayetumia vidonge mara 2 kwa siku azungumze na daktari juu ya kuvipanga daku na futari. Na anayetumia prednisoloni kwa lupasi au baridi yabisi asiikatishe ghafla, kwani ni hatari. Mgonjwa ambaye saumu inamdhuru ana ruhusa katika sura ya Al-Baqarah, na kuikubali ruhusa ya Mola wake si udhaifu wa imani.

La tatu ni uchovu wa dawa. Ni vigumu kumshawishi kijana asiyeumwa popote akachomwe sindano yenye maumivu kila mwezi kwa miaka. Nauli ya boda nayo ina uzito wake. Hapa ndipo hadithi ya mwili mmoja inapopata kazi. Jumuiya yetu inajua kukumbushana Swala na kuchangia mazishi. Inaweza pia kumkumbusha ndugu mmoja tarehe yake, kumsindikiza hadi kituo cha afya, na kumchangia nauli bila kumtangaza.

Nini kifanyike Jinja na Mbale

Walimu wa madrasa na viongozi wa mabweni washike haya. Mtoto mwenye homa, koo linalouma anapomeza na tezi zilizovimba shingoni apelekwe kituo cha afya, asisubiri. Mtoto ambaye maumivu ya viungo yanamhama, leo goti, kesho kiwiko, hasa baada ya koo, asiambiwe ni maumivu ya kukua. Anayehema kuliko wenzake uwanjani achunguzwe moyo. Miji yetu miwili ina hospitali za rufaa za mkoa, na wanaohitaji zaidi huelekezwa Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago. Madirisha ya mabweni yafunguliwe, na vitanda vipewe nafasi. Sindano ya penisilini ichomwe kituoni, kwa kuwa mara chache huleta mzio mkali unaohitaji msaada wa haraka.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Eleza tofauti kati ya chembe ya kinga na saitokini. Kwa nini kosa la mjumbe linaweza kuwa zito kuliko kosa la askari?

2. Kwa nini vali ya moyo huendelea kuharibika ilhali misuli ya moyo hupona?

3. Mzazi amekuletea binti wa miaka 10 anayerukaruka mikono, na anaomba ruqya. Utamwambia nini, na kwa mpangilio gani?

4. Ndugu yetu amekosa sindano mbili mfululizo. Jumuiya ifanye nini bila kumvunjia heshima?

Twamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, aifanye elimu hii iwe na manufaa kwa aliyeiandika na aliyeisoma, na atujaalie tuwe wepesi wa kuitika pale kiungo kimoja cha umma huu kinapolia. Amin.

Wabillahi tawfiq.